Alama Tisa za Penseli

Bibi alibeba kalenda mpaka hospitali. Aliitoa ukutani asubuhi ile homa ya mdogo wangu ilipokataa kushuka, akaikunja kama cheti cha shule, akaitia kwenye kikapu pamoja na chupa ya mtori wa ndizi. Tuliteremka kwa bodaboda hadi Himo, kisha tukapanda gari la Moshi. Njia nzima niliiangalia ile kalenda zaidi kuliko nilivyomwangalia mgonjwa.

Mdogo wangu ana miaka sita. Alizaliwa na virusi. Mimi nilipimwa, sina. Baba alitangulia, mama akafuata, tukabaki na bibi kihambani, migomba na kahawa mpaka mlangoni. Dawa zake nampa mimi kila jioni, halafu naweka alama ya vema kwa penseli kwenye kalenda. Tunaojua ni bibi na mimi. Ukoo haujui.

Dokta alikuwa dada kijana mwenye miwani. Alimpapasa tumbo, akamsikiliza kifua, akasema ana wasiwasi bakteria wameingia kwenye damu. "Mtoto mwenye virusi, kinga ikilegea kidogo tu, wanapata pa kupita." Wakamtoa damu na kuitia kwenye chupa mbili za maabara, waone kama kuna kitakachoota. Majibu siku mbili au zaidi. Dawa ya mshipa wakaianza hapo hapo, hawakusubiri.

"Damu yangu itaota majani?" mdogo wangu akauliza. Sauti ilikuwa ndogo sana.

"Itaota migomba," nesi akamjibu. "Utatuletea ndizi."

Kisha dokta akauliza kama dawa zake za kila siku anakunywa vizuri. Bibi akaifungua kalenda juu ya kitanda, akailainisha kwa kiganja.

"Angalia mwenyewe, mwanangu. Hakuna siku iliyorukwa. Huyu mjukuu wangu haongei, lakini kazi anafanya."

"Hongera, mdogo wangu," dokta akaniambia. Akaandika. "Ila kama anakunywa hivi na bado amefika hapa, huenda dawa zenyewe zimeshindwa. Tutapima wingi wa virusi, na tutafikiria kumbadilishia."

Nikaangalia ncha za viatu vyangu.

Sasa niseme. Desemba nyumbani hujaa. Wote wanarudi, tunalala watoto wanane chumba kimoja, na binamu zangu wa mjini hufungua kila kitu. Kwa hiyo, kabla hawajafika, nilificha mkebe wa dawa stoo, nyuma ya gunia la mahindi. Baba mkubwa akaja kutoka Dar na kreti za bia, akazipanga stoo ile ile, akafunga kwa kufuli lake mwenyewe. "Vijana wa huku nawajua!" Ufunguo ukaingia mfukoni.

Kuuomba ilibidi nipite katikati ya wanaume waliokaa uani na pombe ya mbege na kisusio, supu ya damu, niseme mbele yao ninachotaka stoo. Siku ya kwanza nilifika mpaka kwenye kiti chake.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, bibi harusi! Kumbe una sauti?"

Wote wakacheka. Nikasema nimefuata sahani. Nikachukua sahani.

Siku tisa. Kila jioni bibi, mikono imejaa mafuta ya nyama, alikuwa ananiuliza kwa macho tu, nami naitikia kwa kichwa, naenda kuweka vema. Wageni walipoondoka na stoo ikabaki wazi, nilihesabu vidonge vilivyozidi nikavitumbukiza chooni, kwa sababu kliniki huwa wanahesabu vinavyobaki. Wiki mbili baadaye homa ikaanza.

Pale wodini sikuweza kukaa. Nilifua kanga ambayo haikuwa chafu. Nilienda bombani, nikarudi, nikaenda tena bila ndoo. Nilimshika mdogo wangu paji la uso mara nyingi mpaka akaniambia, "Dada, unanichosha." Kila koti jeupe likipita nilifungua mdomo, likipita nilifunga. Nilijiambia labda hawatambadilishia. Halafu nikajiambia, na wakimbadilishia? Dawa nzuri zitupwe kwa ajili ya sahani?

Siku ya tatu dokta alikuja haraka haraka. Bakteria wameota, na sindano aliyokuwa anachomwa haiwawezi vizuri. Wanaweka nyingine. "Hii itawamudu," akasema. "Na kuhusu zile dawa za kila siku, kesho tunaamua."

"Kalenda ni ya uongo."

Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka. Mama wa kitanda cha pili aligeuka. Dokta akavuta stuli, akakaa.

"Siku ngapi?"

"Tisa. Mfululizo." Nikamweleza stoo, kufuli, choo. Bibi alikuwa amesimama nyuma yangu, sikugeuka. "Ndiyo zimemletea hii?"

"Siwezi kukuambia ndiyo, siwezi kukuambia hapana," dokta akasema. "Ila mimi nilikuwa karibu kumnyang'anya dawa zinazomfaa. Hatubadilishi kwanza. Anaendelea na hizi hizi, tutapima tena."

Bibi hakunipiga, hakunisema. Alikunja kalenda, akatoka kwenye veranda. Nikamfuata mpaka mlangoni. Alikuwa anaongea na simu, Kichagga kwanza, kisha Kiswahili kikali.

"Desemba ijayo ufunguo wa stoo unakaa shingoni kwangu, pamoja na rozari. Bia zako utalala nazo garini... Kwa nini? Kwa sababu mimi ndiye niliyekuzaa!"

Akakata. Ndipo akaniona.

"Na wewe. Ningekwenda mwenyewe nikavunja lile kufuli kwa shoka. Ungeniambia tu."

Jioni ile bibi ndiye aliyempa dawa. Mimi nilishika kikombe. Homa imeshuka kidogo, ikapanda, imeshuka tena. Nimekaa, nimesimama, nimekaa. Nilipotafuta penseli yangu kwenye kikapu sikuiona. Bibi ameichomeka kwenye kilemba chake, na sijathubutu kumwomba.