Klara, Aliyetumwa Mdomoni mwa Duara

Kando ya bani la kukaushia tumbaku huko Ushetu, mwaka 1958, mkulima Mayala alipata binti, akabatizwa Klara. Kusoma alijifunza akiwa mjane wa miaka hamsini, katika darasa la jioni parokiani Shinyanga. Hapo Padre Benjamini aliwafundisha kitenzi cha Kilatini, mittere, yaani kutuma. Alieleza kwamba Wakristo wa Roma waliagwa nacho mwisho wa ibada: Ite, missa est, yaani nendeni, mmeagwa. Kutokana na kuagwa huko ibada nzima ikaitwa Misa. Kitenzi hicho kikazaa misheni na mmisionari, na kwa kupitia Kiingereza kikatuletea kamisheni na kamati. Wanafunzi walicheka kwamba kumbe madalali na mapadre ni ukoo mmoja. Klara hakucheka. “Tangu utoto natumwa,” alisema, “nami naishia nyumbani kupika.”

Akawa katekista katika machimbo madogo ya Geita. Jumapili moja ya masika mwaka 2016, ibada ilipokwisha, duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, liliporomoka likamfukia Bashiri, kijana wa Kiislamu. Alisikika akigonga matimba, zile nguzo za shimoni, lakini wanaume walisimama tu. Mwenye duara, Mageni, alikuwa amemwita mganga atulize mizimu kwanza. Tena ilikuwa mwiko mwanamke kukanyaga mdomo wa duara. Klara alifika na kitenge chake cha kanisani, jembe begani.

“Shikamoo, Mama Noela. Rudi kanisani kwako,” alisema Mageni, akimwita Klara kwa jina la mwanawe.

“Marahaba. Kanisani ndiko nilikotoka. Nimetumwa huku.”

“Kamati ya machimbo bado haijakaa.”

“Kamati na Misa ni tumbo moja, baba. Zimetumwa, hazikuambiwa zikae.”

“Ukikanyaga hapo dhahabu itakimbia.”

“Ikimbie. Bashiri hawezi.”

Akashuka, akachimba. Wanaume waliona aibu, wakamfuata mmoja mmoja. Alasiri Bashiri alitolewa akiwa hai, mguu umevunjika. Mageni alimfukuza Klara machimboni. Jumapili iliyofuata Klara alirudi, akasali palepale mdomoni mwa duara.

Alifariki mwaka 2021 kwa maradhi ya kifua. Bashiri, akichechemea, alibeba jeneza upande wa kichwa. Waamini husimulia kwamba dhahabu ya duara lile haikukimbia kamwe. Wengine husema ilipungua. Klara asingejali. Nasi tunapoambiwa nendeni, tusitafute ruhusa ya Mageni. Tubebe jembe.