Kuni za Mama

Natamani ningekataa pale ndugu zangu waliposema tung'oe mizabibu ya marehemu mama tujenge vyumba vya kupangisha. Nilikubali.

Leo hapa ughaibuni, mtaani Al Nahda, muuza matunda amefungua boksi la zabibu nyeusi, na harufu ikanirudisha Dodoma, kwenye zabibu zetu nyekundu za mvinyo, zile za aina ya Makutupora.

Mwaka mmoja, nikiwa mtoto, mama alikuwa ameipogoa mizabibu yote mpaka ikabaki visiki vitupu. Jirani yetu akasimama uani akicheka.

"Shemeji, unalima au unachanja kuni?"

"Subiri. Utakuja kuziomba."

Visiki vikachipua, vikazaa vichala vizito hadi matawi yakainama. Siku ya kuvuna jirani akaja na beseni. Mama akamchagulia kichala kinono kuliko vyote.

"Karibu kuni, shemeji."

Shamba zima likacheka, naye akacheka, maji mekundu yakimtiririka kidevuni. Mama akanishika kwa mkono wake unaonata, nami nikajiona mtoto wa mfalme.

Tulipoing'oa mizabibu hiyo, hatukubakiza hata kipande cha tawi cha kupanda upya. Wanangu hawajawahi kuonja zabibu za bibi yao, na hawatazionja.