Ndoo ya Mahindi Kutoka Beni

Niliondoka Butembo kwa sababu ya ng'ombe. Wakati ule wa uasi, aliyepeleka mifugo malishoni alirudi na fimbo tu, kwa hiyo ng'ombe wetu Kahawa tulimfunga nyuma ya jikoni, huku mtaani Bulengera, akila maganda ya ndizi. Maziwa yakashuka hadi kikombe kimoja. Mume wangu, shemasi wa kanisa, akampa wiki mbili, kisha mchinjaji. Mimi nilimpenda yule ng'ombe kuliko nilivyothubutu kumwambia shemasi.

Nikasikia kuna mtu Beni anayeotesha chakula cha mifugo bila shamba, na Jumatatu asubuhi nilipanda lori la maharagwe. Kwenye tope la Maboya abiria wote tulishuka tukasukuma, na dereva akatusifu akiwa ameketi.

Mchana nilifika Beni kwa Hadji Ramazani, msafirishaji aliyejifunza kuotesha chakula hicho Kasese, Uganda. Chini ya bati alikuwa na masinia ya mahindi yasiyo na udongo hata chembe. Anayaloweka siku moja, anatandaza, ananyunyizia maji asubuhi na jioni; siku ya nane anayakunja majani na mizizi yake kama mkeka, mbuzi wanamaliza yote. Alinionya nioshe masinia vizuri, maana ukungu huumiza mnyama. Akanipa ndoo ya mahindi yaliyoanza kuchipua, nikaifunika kwa jani la mgomba.

Kesho yake, kwenye kizuizi cha Kabasha, askari aliinua lile jani, akanusa, akatabasamu. Kwetu mahindi yaliyochipua yana kazi moja tu: kupika lotoko, pombe kali.

“Mama, lotoko hii itaiva siku gani?”

“Ni chakula ya ngombe, papa.”

“Ngombe ya wapi inakunywaka?”

Lori zima lilicheka. Niliposhuka Butembo, habari ilikuwa imenitangulia: mke wa shemasi anapika pombe. Hata hivyo niliyatandaza mahindi yangu kwenye masinia chini ya bati la jikoni.

Baada ya wiki moja wazee wawili wa kanisa walikuja na mume wangu, amekunja uso. Waliniamuru nimwage yote. Nikaona Kahawa sasa anakwenda kwa mchinjaji. Kwa hasira nikawavutia sinia. Majani yalikuwa yamefika shubiri. Mmoja wao, Mzee Paluku, ambaye miaka yote alihubiri dhidi ya ulevi, akainama, akapekua mizizi.

“Hii hapana ya lotoko,” akasema. “Ya lotoko hawaachaka majani itoke. Wanaanikaka mapema, mizizi ikiwa bado mufupi.”

Sote tukamtazama. Yeye akatazama bati. Kahawa akala sinia zima.

Mchinjaji hakuitwa tena. Siku hizi tunakamua chupa mbili kila asubuhi, na shemasi mwenyewe ndiye anayenyunyizia maji. Beni nilijifunza mengi kuhusu mahindi. Nyumbani nilijifunza moja: mtu akikuokolea ng'ombe, usimwulize alijulia wapi.