Cheni za Karai

Lilikuwa gari la magurudumu manane, madogo na manene kama watoto waliolishwa vizuri, na mwili wake wa plastiki ngumu ulifanana na beseni la kuogea. Lilitembea nchi kavu, likifika majini liliingia bila kuuliza mtu, likaogelea kwa kuzungusha hayo hayo magurudumu. Watu wa bwawani, kule chini ya Gachoka, walilitazama mara moja tu wakaliita Karai. Mimi nilikuwa fundi wake. Nilikuwa pia dereva wake, maana mradi wa chanjo ulioniajiri haukuona sababu ya kulisha watu wawili.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa kutoka. Nilizaliwa Nkubu, nikasomea Nkubu hadi kidato cha nne, nikajifunza ufundi katika karakana ya Nkubu, na kama Karai lingekuwa Nkubu nisingekuwa na la kuandika. Leo ukinikuta mbele ya karakana yangu, koti limefungwa hadi shingoni, kikombe cha chai kiko juu ya betri kuukuu, huwezi kuamini kwamba niliwahi kufanya kazi mahali ambapo spana ikiachwa juani unaishika kwa kitambaa. Mwezi wa kwanza sikulala. Kitanda cha kambi kilikuwa kizuri, lakini hakikunijua.

Karai halikuwa na usukani. Lilikuwa na vyuma viwili vya kushika. Ukivuta cha kushoto, magurudumu ya kushoto yanapunguza mwendo na gari linageuka. Nguvu yote ilipita kwenye cheni. Ukiinua mbao za sakafu ulizikuta zimejipanga, kama za pikipiki lakini nene zaidi, kutoka giaboksi hadi ekseli, kutoka ekseli hii hadi ile, pande zote mbili. Kila cheni ilikuwa na kikaza chake: kipande cha plastiki ngumu kinachosukumwa na springi ili cheni isilegee. Cheni ikilegea inaruka meno. Ikikazwa kupita kiasi inajila, na inakula beringi pia. Na ukikaza upande mmoja kuliko mwingine, gari linavuta. Wewe unataka kwenda kwa wagonjwa, lenyewe linakupeleka kwa viboko.

Kwa hivyo kila jioni nilitoa kizibo cha nyuma maji yamwagike, nikainua sakafu, nikachokoa tope na majani ya bwawani, nikakausha cheni na kuzipaka oili, maana maji huiosha oili yote. Halafu nilibonyeza kila cheni katikati kwa kidole gumba. Ikibonyea kidogo, sawa. Ikibonyea kama tumbo la aliyeshiba uji, nasogeza kikaza. Ile klipu ya kuunganishia cheni nayo lazima sehemu yake iliyozibwa itangulie kule cheni inakoelekea. Ukiiweka kinyume itachomoka, na itangoja kwanza uwe katikati ya maji.

Abiria wangu alikuwa mmoja, nesi wa mradi, mzaliwa wa huko huko Mbeere. Alikaa nyuma yangu, sanduku la chanjo mapajani, tukavuka mkono wa bwawa kwenda kwenye vijiji vya ng'ambo ambako barabara ilikuwa inafika wakati wa kiangazi tu. Mashine ilikuwa na kelele, lakini yeye alikuwa na maneno.

"Fundi, hii gari yako inavuta kushoto."

"Ni upepo, sista."

"Upepo gani? Hata jani halitingiki. Kaza."

"Nilikaza jana."

"Ulikaza ukiota chai ya mama yako. Kaza tena."

Neno hilo likawa salamu yake. Akinikuta nakula, "Kaza." Akinikuta nimesinzia kivulini, "Kaza, fundi, unalegea." Lugha zetu za nyumbani hazina z, kwa hivyo kila mmoja wetu alijitengenezea ya kwake. Mimi niliifanya s kama watu wengi. Yeye aliipitisha kwenye meno kidogo tu, mpaka ukiwa mbali ulisikia a mbili zikifuatana. Nilimcheka kwa hilo. Naye alinicheka kwa mengine yote.

"Nyinyi watu wa Meru mnatafuna vijiti vya miraa kama mbuzi," alisema siku moja tukingoja kiboko atupishe.

"Na nyinyi na muguka wenu mnatafuna majani. Sasa nani mbuzi?"

"Mbuzi mwenye akili huanza na majani."

Kiboko akapita, nikaondoa gari nikicheka. Nilikuwa nimeanza kushindwa naye mara nyingi, na kufurahia.

Kila mwisho wa mwezi nilipanda kwenda nyumbani, nikarudi na ndizi na majani chai, nikimwambia nesi kwamba ni mama ametuma. Mama hakuwa ametuma kitu. Mama alikuwa ameanza kunitazama kwa jicho la pembeni.

"Huko joto limepungua?" akaniuliza nikifunga mzigo.

"Hapana, mama. Ni lile lile."

"Zamani ulikuwa unaondoka hapa kama unaenda kuzikwa. Sasa unaimba."

Halafu daraja likajengwa. Watu wa ng'ambo walishangilia, na walikuwa na haki. Mimi peke yangu nililitazama kama jirani mbaya. Mradi ulitangaza kwamba Karai halihitajiki tena, litapakiwa kwenye lori lipelekwe Embu, na mimi niende zangu. Lakini mwenye karakana mmoja wa Gachoka, mzee mpole aliyekuwa na pikipiki nyingi za kutengeneza kuliko mikono, alikuwa ameniambia nafasi iko nikitaka. Kitu nilichokosa kilikuwa kimoja. Nilitaka nesi aniambie nibaki. Mtu anayeumwa na vitanda vya watu hawezi kuacha nyumbani kwa sababu ya pikipiki, anahitaji kuambiwa. Nikamtupia chambo tukiwa majini.

"Kuna watu Gachoka wananitaka."

"Watu gani hao wenye shida hivyo?"

"Wa karakana."

"Na wewe umewaambia nini?"

"Nimesema nitafikiria."

Tukapanda ukingo. "Basi fikiria," akasema, akashuka na sanduku lake.

Siku ya lori nilikuwa ndani ya Karai tangu asubuhi, nimelala kifudifudi, kichwa chini ya sakafu. Hakuna aliyeniagiza. Gari lilikuwa linakwenda kuegeshwa tu, lakini sikutaka liondoke mikononi mwangu likiwa na cheni chafu. Pampu ya kambi ilikuwa ikinguruma pembeni. Nikaona viatu vyeupe vya mpira vya nesi vikija, vikasimama karibu na gurudumu la mbele. Akainama. Akasema neno moja.

"Nimeshakaza, sista!" nikapaza sauti kutoka humo ndani, kwa furaha kabisa. "Pande zote mbili! Iko sawa!"

Viatu havikutoka. Vilisimama pale, kimoja kikachora kitu mchangani na kukifuta. Mimi nikaendelea kupaka oili, nikiridhika na kazi yangu. Nilipotoa kichwa alikuwa ameshafika mlango wa zahanati ya kambi, na watu wa lori walikuwa wananiita nishike kamba.

Tuliagana baadaye mbele ya watu wote, kwa mkono, kama wanakamati. "Usalimie mama yako," akasema. Nikasema nitamsalimia.

Nilifika Embu na lori, nikapanda gari la Meru. Baada ya Runyenjes baridi ilianza kuingia dirishani, ile baridi niliyokuwa nimeililia mwaka mzima, nikavuta koti. Tulipokaribia Chuka ndipo akili yangu, ambayo haijawahi kufika mahali pamoja na mimi, ilipofika. Gari linalokwenda kuegeshwa, nani ana haja likazwe cheni? Yeye alijua halitavuka tena maji. Hakuwa na sababu yoyote duniani ya kuniambia nikaze.

Nikasema neno hilo kwa sauti, kwa ile z yake isiyosikika. Mama mmoja aliyekaa karibu nami akaniuliza kama nataka kushuka.

Mtu mwingine angeshuka. Mimi nilijiambia nifike kwanza nyumbani, nimsalimie mama kama nilivyotumwa, kisha nirudi wiki inayofuata. Mama alikuwa amesonga mukimo wa viazi na mahindi. Wiki iliyofuata mvua ilikuwa kubwa. Iliyofuata tena, jirani aliniletea pikipiki iliyokatika cheni, na baada yake mwingine. Simu za mkononi zilikuwa bado za wakubwa. Kila jioni nilisema kesho, na kitanda changu kilinikubalia.

Muuza samaki aliyekuwa akipandisha mzigo kutoka bwawani hadi soko letu ndiye aliyenipa habari. "Yule nesi wenu? Alihamishwa. Yuko Ruiri." Ruiri! Kwenda huko alikuwa amepita hapa hapa Nkubu, na virago vyake, mbele ya karakana yangu, pengine nikiwa nimeinamia pikipiki ya mtu na mgongo nimeupa barabara.

Kutoka kwangu hadi Ruiri si safari, ni kuvuka tu mji wa Meru na kuendelea kidogo. Ilinichukua zaidi ya mwaka. Nilivaa shati la kanisani, nikafika zahanati mchana, upepo mkavu wa upande ule ukinisukuma mgongoni kama mtu aliyechoka kungoja. Alikuwa dirishani akigawa dawa. Aliponiona alicheka kabla sijafungua mdomo, na nilipofungua mdomo, sijui kwa nini, kilichotoka ni hiki:

"Sista, gari la mwisho la kurudi Meru ni saa ngapi hapa?"

"Hujambo na wewe," akasema.

Alitoka tukakaa kwenye benchi ya wagonjwa. Alikuwa na pete. Niliiona mapema nikajifanya naangalia saa. Tukaongea juu ya daraja, juu ya mama yangu, juu ya Karai ambalo yeye alisikia limegeuzwa la kunyweshea ng'ombe. Mwishowe nikauliza.

"Ile siku ya lori. Ulikuja ukaniambia neno. Lilikuwa kaza, au lilikuwa kaa?"

"Wewe ulisikia nini?"

"Nilisikia kaza."

"Haya."

"Sista, niambie."

"Na kama lingekuwa kaa, ungekaa? Sema ukweli, mtu wa Nkubu."

"Ningekaa."

Akaanza kucheka, kicheko cha zamani, cha majini, mpaka mzee aliyekuwa akingoja sindano akageuka. "Ungekaa! Mtu ambaye ameuliza gari la mwisho kabla ya kunisalimia!" Akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, na nikaona anaendelea kuyafuta baada ya kicheko kwisha. "Fundi, fundi. Ungekaa mpaka mwisho wa mwezi."

Mtu akamwita kutoka ndani. Akanishika bega, akaingia.

Nilikwenda stejini nikiwa na muda wa kutosha. Gari la mwisho lilikuwa limeegeshwa, limebakiza nafasi moja, kondakta akinipungia mkono kama mtu anayenijua. Nikasimama. Likapiga honi, likaniacha. Nilitaka tu kujua inakuwaje kuliangalia gari la nyumbani likiondoka bila mimi, na nitawaambia: si vibaya sana, mpaka vumbi litue na uone uko Ruiri peke yako na shati la kanisani. Nilirudi na lori la vitunguu.