Hasira za Lumbesa

Tangu malori ya wanunuzi binafsi yaanze kupanda hadi kijiji cha Mlola, mkulima hakuwa na sauti. Dalali, kijana ambaye mkulima Yeremia angeweza kumzaa, alipanda juu ya gunia la viazi akalikanyagakanyaga ili lijazwe tena, liwe lumbesa, kwa bei ileile. Yeremia akakamata panga. Mkewe Josephina akaacha kushona gunia, akamkazia macho.

"Sawa, bosi," Yeremia akamwambia dalali, akaweka panga chini, akaongeza viazi.

Jioni mboga ilipungua chumvi. Yeremia akaitupa sahani ya bati ukutani, akamfokea mkewe. "Mpumbavu wewe!"

Josephina aliiokota, akaifuta kwa khanga. "Baba Elinuru, aliyekanyaga viazi vyetu ni bosi. Mimi niliyevipalilia ndiye mpumbavu? Kumbe hasira zako nazo huchagua mnyonge."