Mimi Ndiye Niliyesema Ishirini na Tisa

Kosa ni langu. Naanza hapo kabla sijapata ujanja wa kuanzia pengine. Si la mwalimu wetu, si la waliotunga maswali, na kuliko wote si la Mujinga. Ni langu mimi, na jina langu mniachie, maana shangazi zangu wote wanasoma ukurasa huu.

Mimi ni msichana wa Kolwezi. Baba ana magari ya kubeba abiria na mizigo. Babu zetu walitoka Maniema, kwa hiyo mtaani tunaitwa watu wa Kasongo, ingawa mimi huko Kasongo sijawahi kufika. Mwaka jana wa masomo nilikuwa kapitene wa timu ya shule yetu katika ligi ya masomo, ile inayokutanisha shule za sekondari za Lualaba nzima. Kama hujawahi kuiona, ni hivi: wanafunzi wanne upande huu, wanne upande ule, na mwalimu mgeni katikati anasoma maswali. Historia, jiografia, hesabu, kemia. Wanne mnanong'onezana, lakini anayefungua mdomo ni kapitene peke yake. Alichosema yeye ndicho kinachohesabiwa.

Aliyekaa kulia kwangu alikuwa Mujinga.

Msicheke! Kwa Waluba, Mujinga ni jina la mtoto aliyezaliwa huku uzi wa kitovu umemzunguka shingoni. Ni jina la heshima, linatoka kwa mabibi. Lakini kwa Kiswahili mnajua wenyewe linavyosikika. Na maskini, Mungu alimpa na kigugumizi, kigugumizi kikali, neno linakwama mpaka mishipa ya shingo inasimama. Tangu akiwa mdogo watoto wenzake walimchezea lile jina kama mpira.

Ila kichwa chake! Sijapata kuona. Alikaa mtaa wa Kapata, kwenye zile nyumba za safu zilizojengewa wafanyakazi wa kampuni. Baba yake alikuwa mchimbaji, sasa anakaa tu. Vitabu hawakuwa navyo nyumbani, alisoma vya kwangu. Jioni moja na kitabu changu cha kemia, kesho yake anakirudisha, na kilichomo kimebaki kwake.

Tuliwezaje kushindana na ulimi unaokwama? Tulipata njia yetu. Chini ya meza nilimpa kiganja changu, naye akaniandikia jibu kwa kidole. Tarehe, jina la mto, namba. Mimi nikasema kwa sauti kubwa, ukumbi ukapiga makofi. Wale wenzetu wawili walikaa kushoto kwangu, hawakuwa wanaona.

Tulishinda hivyo mechi zote, na nawaambia ukweli, nilimpenda yule msichana. Mapumziko tulikula pamoja. Ijumaa nilipokuja na kitambaa changu kichwani na wengine wakanitania, yeye alikaa karibu nami makusudi. Kanisani kwao aliimba kwaya bila kukwama hata silabi moja. Mimi Mwislamu, lakini siku moja nilisimama nje ya dirisha la kanisa nimsikie tu. Alikuwa rafiki yangu. Mwingine sikuwa naye.

Sasa, tulipomaliza nusu fainali, nilikuwa nikinywa maji nyuma ya ukumbi nikasikia mvulana wa shule tuliyoishinda akimwambia mwenzake:

"Ule kapitene ni mikro tu. Kichwa ni ule wa pembeni."

Mikro! Kipaza sauti! Kitu cha kuwasha na kuzima!

Ningecheka ingeisha. Sikucheka. Neno lile liliingia na likakaa. Nikaanza kujiuliza: mimi bila Mujinga ni nani?

Fainali ilikuwa zamu ya mji wa Mutshatsha kuiandaa. Baba akatoa bisi yake moja ya abiria bure, na dereva wake, Tata Sadiki. Msikitini, baada ya swala ya Ijumaa, Baba alikuwa ameshawaambia wazee kwamba binti yake anakwenda kuleta kombe Kolwezi. Tuliondoka tukiimba. Njia nzima vumbi, njia nzima nyimbo. Kila aliyeniona aliniita kapitene, na mimi moyoni nasikia: mikro, mikro.

Ukumbi ulijaa. Tulikwenda sawasawa na wapinzani wetu mpaka likabaki swali moja.

Namba ya atomu ya kobalti.

Jamani, kobalti! Sisi wa Kolwezi! Kitu ambacho baba zetu wanakichimba, ambacho vumbi lake linakaa kwenye nguo tulizoanika! Nikasikia kidole cha Mujinga kwenye kiganja changu. Mbili. Saba. Akarudia, taratibu. Mbili. Saba.

Lakini mimi kichwani nilikuwa na ishirini na tisa. Niliiona kabisa, imeandikwa kwenye ubao wa darasa. Nikajisemea: leo nitajibu kwa kichwa changu. Leo watajua.

Kidole chake kikaandika mara ya tatu. Nikafunga ngumi.

"Vingt-neuf," nilisema kwa Kifaransa, kwa sauti yangu ile ya kishindo. Ishirini na tisa.

Ishirini na tisa ni ya shaba. Upande wa pili ukasema ishirini na saba, na watu wakaruka juu ya viti. Sikumtazama Mujinga. Nilitazama meza.

Mpaka hapo, ndugu zangu, lilikuwa kosa la kawaida. Nani hajawahi kukosea swali? Ningelia, ningechekwa siku kadhaa, yangekwisha. Dhambi yangu haikuwa mezani. Ilikuwa ndani ya bisi.

Wakati wa kurudi hakuna aliyeimba. Mwalimu wetu, Prof Kalenga, alikaa mbele muda mrefu, kisha akageuka.

"Kapitene, ile jibu ilitoka wapi? Batoto ba Kolwezi mushindwe kobalti? Nani alisema vingt-neuf?"

Bisi nzima ikanigeukia. Gari ya baba yangu. Nilifikiria wazee wa msikitini. Nilifikiria yule mvulana na mikro yake. Na mdomo wangu, ule mdomo uliozoea kusema ya Mujinga, ukasema:

"Ni Mujinga njo alinipatia, Prof."

Mawe, mama yangu! Mpaka leo nasikia sauti yangu. Haikutetemeka hata kidogo!

Mujinga alikuwa kiti cha dirishani. Alisimama nusu. "M-m-m... mi-mi..." Neno likakwama. Akajaribu tena, mkono umeshika kiti, macho yakiwa kwangu. Alikuwa ananisubiri! Mimi ndiye niliyekuwa namsaidia akikwama, hata darasani. Alisubiri nimalizie sentensi yake.

Sikuimalizia. Nyuma mtu akacheka, wengine wakafuata.

Prof akasema, "Mujinga, kama hauna hakika, ujifunze kunyamaza." Akageukia barabara.

Mujinga akakaa.

Jumatatu shule ilikuwa na wimbo mpya. Mujinga kwa jina, mujinga kwa kichwa! Alipopita uwanjani waliita "Vingt-neuf!" Akiulizwa swali darasani, kabla hajafungua mdomo mtu anajibu kwa niaba yake: "Vingt-neuf!" Walimu wengine walitabasamu. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale karibu naye. Kila asubuhi nilijiambia: leo nitasema. Na kila siku nilisubiri yeye anitaje, na hakunitaja. Hakunigombeza. Aliacha tu kula nami. Kisha akaacha kuja shuleni.

Nilikwenda Kapata kumtafuta. Nilijiambia nakwenda kuomba msamaha. Mama yake alinipokea kwa mikono miwili, akanipa kiti kizuri.

"Karibu, mama. We njo unamusaidiaka mwanangu kusema. Mungu akubariki."

Nilitaka ardhi ipasuke!

"Mutoto hatoke tena mu nyumba," akaendelea. "Banamuchekelea. Banasema yeye njo alipoteza kopo ya ligi. Namuuliza, hanielezake kitu. Ni nani alianza ile maneno? We unamujua?"

Nilimwona kwenye uso anavyouliza. Hakuwa ananitega. Hakujua kitu. Mujinga alikuwa amelifunika jina langu hata kwa mama yake mzazi.

"Apana, mama," nikasema. "Sijue."

Pazia la mlango wa chumba lilitikisika. Mujinga alikuwa amesimama pale nyuma, amesikia yote. Tulitazamana. Kisha akaliachia pazia likaanguka, akarudi ndani.

Mara ya kwanza nilisema uongo kwa woga wa ghafla. Mara hii ya pili nilikuwa na nafasi, nilikuwa na kiti, nilikuwa na mama anayenibariki. Hiyo ya pili ndiyo iliyoua urafiki wetu.

Kabla mvua hazijaanza, walimpeleka kwa bibi yake Musumba, kule Kapanga. Niliambiwa na jirani yao nilipokwenda tena. Nyumba ilikuwa wazi, kaka yake mdogo anafua nguo nje, hakunipa hata kiti.

Hapo nikamwambia Baba. Nilifikiri atanipiga. Alikuwa ametoka kuswali, bado amekaa kwenye mswala. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Haki ya Mungu utamuomba Mungu. Haki ya mutu, uende umuombe mwenyewe. Mungu hatakusamehe kwa nafasi yake."

"Nitafanya nini, Baba?"

"Anza pale penye ulimuharibia jina."

Nikamwendea Prof Kalenga. Alikaa chini, akashika kichwa. "Mi nilimuambia anyamaze," alisema. "Mi mwalimu." Hakunigombeza, na tangu siku ile hanitazami usoni. Akaniruhusu niseme mbele ya shule, asubuhi kwenye bendera.

Nilisimama mbele ya wote. Nikasema: mimi ndiye niliyesema ishirini na tisa. Mujinga aliniambia ishirini na saba, nikamdharau, kisha nikamsingizia. Nilitegemea matusi. Nilitegemea mawe! Nilikuwa tayari.

Hakuna kitu. Watoto wa madarasa madogo hawakujua hata nasema habari gani. Wa darasa langu walitazamana. Tulipoingia, msichana mmoja akaniambia, bila hasira yoyote:

"Sasa unatuambia ya nini? Mwenyewe aliisha kuenda."

Akafungua daftari lake. Basi. Ukweli niliouogopa miezi yote ile ulikuwa hauna kazi tena kwa mtu yeyote. Wimbo walishauacha, ligi walishaisahau. Walichobaki nacho ni kwamba mimi ni mtu wa kusingizia wenzake. Wananisalimia, wananiazima kalamu. Lakini nikifika mahali wanapozungumza, mazungumzo yanabadilika.

Barabara ya Kapanga wakati wa mvua haipitiki. Nilisubiri kiangazi. Tata Sadiki aliposema anapeleka mzigo Musumba nilimwomba simu yake, nikajifungia chumbani nikarekodi sauti. Sikujitetea. Nilisema nilichofanya ndani ya bisi, na nilichomwambia mama yake. Nilimwambia nimesema ukweli mbele ya shule, na mama yake pia nimekwenda kumwambia. Ndiyo, nilikwenda. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, akaniambia, "Uende, mutoto," akafunga. Nilimwomba Mujinga arudi, baba yangu atatuma gari. Nilimwomba anisamehe.

Tata Sadiki aliporudi nilikuwa getini kabla hajazima injini.

"Nilimukuta ku bibi yake," alisema. "Nilimupatia telefone. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasikiliza tena."

"Akasema nini?"

"Akanirudishia telefone. Akasema aksanti, tata. Akaenda ku shamba."

"Basi?"

"Basi, mama."

Alianza kushusha mizigo, kisha akasimama. "Siku ile ya Mutshatsha," akasema, "mi nilimuona ku kioo. Alilia mpaka Kolwezi. Hata mukubwa mumoja hakugeuka. Hata miye." Akaendelea kushusha.

Hiyo ndiyo hali yangu. Mwaka huu ligi imeanza tena, timu mpya, kapitene mpya. Siku wanapofanya mazoezi nasikia makofi yao kutoka darasani kwangu. Kwenye benchi nimekaa peke yangu, upande wa kulia kuna nafasi na hakuna aliyeomba kukaa. Saa ya kula natoka na mkate wangu, naenda nyuma ya ukuta, kwa sababu ni bora kuwa peke yako mahali wasipokuona.

Wanafunzi wenzangu, na ninyi wakubwa pia, nisikilizeni mimi niliyeungua. Ukikosea, kosea na jina lako. Aibu ya kukosea ni ya siku chache, nawaapia! Usimtwike mwenzako asiyeweza kujitetea, kwa kuwa unajua hatajitetea. Na usiseme nitasema kesho, nitasema Jumatatu. Kila siku unayokaa kimya, yeye anazidi kwenda mbali, na wanaokusikiliza wanazidi kuwa watu ambao haiwahusu.

Na kama kuna mtu anakuamini kiasi cha kukupa maneno yake uyaseme wewe, yafikishe kama alivyokupa. Ni amana kubwa kuliko zote. Mimi nilipewa, nikaivunja. Tangu siku ile hakuna mtu aliyeninong'oneza neno.