Udongo wa Ukingoni

Mikono ya mfyatua matofali ilikauka ikawa kama gome, lakini vidole vyake, mkewe alizoea kusema, vilikuwa na akili kuliko kichwa chake. Hakujaza kalibu, kile kisanduku cha kufyatulia, kabla ya kuufinya udongo, kuusugua na kuunusa. “Huu umekubali,” alikuwa akisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayechelea kumwamsha mtoto. Udongo wa namna hiyo ulipatikana ukingoni mwa mto tu, na mtaa mzima ulitoka hapo: kila nyumba iliyosimama ilimega ukingo, na mto ukasogea. Miti ya kuchomea matofali ilikwisha zamani, basi yakawa yanaanikwa juani na kujengewa mabichi. Kila wingu lilipotanda mkewe alimwambia, “Baba watoto, tuhamie mlimani.” Naye hakuinua hata uso. “Mlimani ni mawe matupu. Tutafyatua nini? Tutalima nini?”

Mwaka huo mto uliingia bila hodi. Maji yalipoteremka, chumba cha mama wa mfyatuaji kilikuwa kichuguu cha tope, na bibi kizee hajulikani alipo. Mume na mke walipiga magoti wakachimbua kwa mikono, mke akiita, “Mama! Mama!” Mara akamwona mwenzake ametulia. Vidole vyake vilikuwa vinalifinya lile tope la ukuta ulioyeyuka, vikalisugua, vikalipeleka puani.

“Huu umekubali,” alisema, kwa sauti ileile ya chini.